Kazi, Nishati na Nguvu: Historia ya Dhana Tatu na Fundisho Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Kila unapozuka mjadala juu ya kuifundisha sayansi kwa Kiswahili, hoja moja haikosi kutolewa. Husemwa kwamba Kiswahili kina neno moja tu, nguvu, pale ambapo fizikia hudai maneno matatu au zaidi. Twasema nguvu za uvutano, nguvu za jua, na nguvu za farasi. Katika usemi wa kwanza nguvu ni kitu kinachovuta au kusukuma. Katika wa pili ni akiba iwezayo kufanyiwa kazi. Na katika wa tatu ni wepesi ambao kazi hufanywa kwa muda fulani. Kutokana na mchanganyiko huo, wako wasomi wanaohitimisha kwamba lugha yenyewe haikuumbwa kwa sayansi, na kwamba mwanafunzi hana budi kuihama ili afike penye elimu.

Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa mizani ya historia. Tutajaribu kuonyesha kwamba mchanganyiko huohuo ulizikumba lugha za Ulaya kwa karibu miaka mia mbili, na kwamba haukuondolewa na wingi wa maneno bali na ufafanuzi uliofungamanishwa na kipimo.

Ugomvi juu ya "nguvu"

Katika karne ya 17 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba kitu kinachokwenda kina nguvu, lakini hawakukubaliana nguvu hiyo ipimwe vipi. Mfaransa Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1644, aliipima kwa kuzidisha ukubwa wa kitu kwa kasi yake. Mwaka 1686 Mjerumani Leibniz alimpinga kwa mfano mwepesi. Kuinua ratili 1 kwa kimo cha dhiraa 4, alisema, kwahitaji juhudi ileile ya kuinua ratili 4 kwa kimo cha dhiraa 1. Basi vitu hivyo viwili vikiachwa vianguke kutoka vimo hivyo, vitafika chini vikiwa na nguvu sawa. Lakini kile cha ratili 1 hufika na kasi mara mbili ya kile cha ratili 4. Kwa hesabu ya Descartes cha kwanza kina 2 na cha pili kina 4, nazo si sawa. Kasi ikipigwa mraba kabla ya kuzidishwa, kila kimoja kina 4.

Leibniz alikiita kipimo chake nguvu hai. Mholanzi 's Gravesande alidondosha tufe za shaba juu ya udongo laini, na mwaka 1722 akaeleza kwamba kasi ikiwa maradufu, shimo huwa na kina mara nne. Mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, aliutetea upande wa Leibniz katika kitabu chake cha mwaka 1740. Hata hivyo ugomvi haukuisha upesi, kwani sehemu yake kubwa ilikuwa ya istilahi. Pande zote mbili zilikuwa zikipima vitu viwili vilivyo tofauti, vyote vyenye haki ya kuwepo katika fizikia, ilhali zikiviita kwa jina moja.

Maneno ya kibarua na ya farasi

Wakati wanafalsafa wakibishana, mafundi walikuwa na haja zao. James Watt alipata hataza ya kuiboresha injini ya mvuke mwaka 1769. Wenye viwanda waliozoea kuendesha mitambo kwa farasi walitaka kujua injini moja ingeshika nafasi ya farasi wangapi. Watt aliweka kipimo: farasi mmoja huhesabiwa kuwa anainua ratili 33,000 kwa kimo cha futi 1 katika kila dakika. Ndiyo nguvu ya farasi tunayoitaja hadi leo. Yafaa kuzingatia kwamba dhana hii iliyo ya kitaalamu kabisa ilizaliwa sokoni, katika mapatano ya muuzaji na mnunuzi.

Kazi nayo ilipata maana yake ya kifizikia kwa njia inayofanana na hiyo. Mhandisi Mfaransa Coriolis, katika kitabu cha mwaka 1829 juu ya hesabu za mitambo, alilichukua neno la kila siku, travail, yaani kazi ya kibarua, akalipa maana ya kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogezwa kwa kuifuata kani hiyo. Hakubuni neno jipya. Alilitwaa lililokuwa vinywani mwa watu akalipunguzia upana.

Msomaji atambue jinsi upunguzaji huo ulivyo mkali. Hamali wa bandarini anayesimama na gunia la kilo 90 begani kwa robo saa hutokwa na jasho, na msimamizi wake hawezi kukana kwamba amefanya kazi. Lakini kwa mwanafizikia gunia halikupata kazi yoyote, maana halikusogea. Hamali huyo akiliinua kwa kimo cha mita 1.5, nasi tukichukua kwamba dunia huvuta kila kilo kwa kani ya niutoni 10 hivi, kazi ni jouli 1,350. Akiliinua kwa sekunde 3, nguvu yake ni wati 450. Akitumia sekunde 10, ni wati 135. Kazi haikubadilika, kilichobadilika ni muda. Hapo tofauti ya kazi na nguvu imekaa wazi, na hakuna neno la kigeni lililohitajika kuieleza, isipokuwa majina ya vipimo.

Joto na neno Kraft

Dhana ya nishati ilichelewa kuliko zote. Mwingereza Thomas Young alilitumia kwa nguvu hai, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807, neno lenye asili ya Kiyunani, energeia, ambalo ndani yake mna ergon, yaani kazi. Kwa miaka mingi wachache tu walimfuata. Katika miaka ya 1840 Joule, mtengenezaji pombe wa karibu na Manchester, alizungusha makasia ndani ya maji kwa mizigo iliyokuwa ikishuka, akapima joto lililopatikana. Mwaka 1850 alitangaza kwamba joto la kupandisha ratili 1 ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit ni sawa na kazi ya kuinua ratili 772 kwa futi 1. Kumbe joto na kazi vyaweza kuhesabiwa katika daftari moja.

Mwaka 1847 Helmholtz alitoa maandishi yake mashuhuri juu ya kuhifadhiwa kwa kile tunachokiita sasa nishati. Lakini neno aliloliandika katika anwani yake lilikuwa Kraft, nalo ndilo neno la Wajerumani kwa kani! Mmoja wa waasisi wa kanuni hii, katika lugha inayosifiwa kwa usahihi wa kisayansi, alikuwa katika hali ileile ya Mswahili asemaye nguvu za uvutano na nguvu za jua. Mskochi Rankine alipendekeza mwaka 1853 jina la nishati tuli iliyohifadhiwa katika hali ya kitu, na Thomson na Tait, katika kitabu chao cha mwaka 1867, wakaliimarisha jina la nishati ya mwendo. Tangu Leibniz mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 181.

Hali ya Kiswahili

Tukirejea kwetu, hatuanzi na mikono mitupu. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kani, neno lililojulikana zaidi kwa maana ya ubishi na ukaidi, limepewa kazi ya kutaja kile kinachosukuma au kuvuta. Huo ni uteuzi mwema, kwa kuwa mkaidi naye ni mtu asiyesogezwa ila kwa kusukumwa.

Tatizo limehamia kwenye nishati. Tanzania husema nishati, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya uchangamfu. Katika Kenya magazeti, redio na hata jina la wizara hutumia kawi, lenye asili katika mzizi wa Kiarabu wa nguvu. Katika fizikia ya Waarabu wenyewe mzizi huo ndio utoao neno la kani, na nishati huitwa taka. Basi asili ya neno haiwezi kuamua ugomvi huu. Kila moja la maneno hayo mawili lingefaa, mradi likubaliwe. Hatari ni kuwa na yote mawili, kwani mwanafunzi atakayevisoma vitabu vya pande zote mbili za mpaka atadhani amekutana na dhana mbili. Ugonjwa wa neno moja kwa dhana tatu tutakuwa tumeuponya kwa kuleta wa maneno mawili kwa dhana moja.

Pendekezo letu ni kwamba kani, kazi na nishati zitumike kama zilivyofafanuliwa hapo juu, na nguvu ibakizwe kwa kazi igawanywayo kwa muda, mahali ambapo usemi wa nguvu za farasi umekwisha kuizoesha. Nje ya darasa watu waendelee kusema nguvu za jua wapendavyo; Wajerumani hawakuliacha neno Kraft katika mazungumzo yao.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini fizikia ya shule zetu za sekondari imebaki katika Kiingereza peke yake. Zipo sababu nyingi za hali hiyo, za fedha, za vitabu na za siasa, na kila moja yastahili kujadiliwa kwa jina lake. Isijifiche nyuma ya umaskini wa lugha. Orodha za istilahi tunazo. Kilichopungua ni sentensi, yaani maelezo, mifano na maswali ya hesabu yaliyoandikwa kwa istilahi hizo na kujibiwa na wanafunzi. Travail ya Coriolis ilikomaa kwa kukokotolewa, na kazi yetu nayo haina njia nyingine ya kukomaa.