Swali la Daudi lililowagombanisha watawa wa Hispania

Daudi alikuwa Keila na watu wake wapatao 600 aliposikia kwamba mfalme Sauli anapanga kuja kumzingira. Mji huo alikuwa ameukomboa mwenyewe kutoka kwa Wafilisti waliokuwa wakipora nafaka viwanjani. Akamwita kuhani Abiathari alete naivera, vazi la kikuhani la kutafutia jibu la Mungu, akamuuliza Mungu: Sauli atateremka? Akajibiwa kwamba atateremka. Na wenyeji wa Keila, watanitia mikononi mwake? Akajibiwa kwamba watamtia. Daudi hakungoja. Aliondoka na watu wake, na Sauli alipopata habari akaiacha safari. Kwa hiyo Sauli hakuja, wala watu wa Keila hawakumsaliti mtu. Mungu alikuwa amejibu kuhusu jambo ambalo halikutokea kabisa.

Kisa hicho cha sura ya 23 ya Samweli wa Kwanza ndicho alichokishika Luis de Molina, Mjesuiti wa Hispania aliyefundisha Coimbra na Évora nchini Ureno. Mwaka 1588 alichapisha Lisbon kitabu kinachojulikana kwa kifupi kama Concordia, na kitabu hicho kikazua moto.

Kwamba Mungu anajua yote na yupo kila mahali, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya namna anavyojua. Ikiwa tangu milele amejua kwamba kesho nitaiba, nina hiari gani ya kutoiba? Tomaso wa Akwino alikuwa ameshajibu katika karne ya 13: anayetembea barabarani hawaoni wanaomfuata nyuma, lakini aliye juu ya mlima huona msafara wote kwa mara moja. Jibu zuri, ila karne ya 16 halikutosha. Mwanamageuzi wa Kiprotestanti Calvin alikuwa amehubiri kwamba Mungu ameamua mapema nani ataokoka na nani atapotea, na Mtaguso wa Trento (1545 hadi 1563) ukamjibu kwa kutetea neema na utashi huru kwa pamoja, bila kueleza vinapatanaje.

Molina alidhani amepata ufunguo. Mungu, alisema, anajua yote yanayowezekana. Anajua pia yatakayokuwa, kwa kuwa ameamua kuumba dunia hii na si nyingine. Kati ya ujuzi huo wa aina mbili ana mwingine: anajua kila kiumbe huru angefanya nini kama angewekwa katika hali fulani. Ndivyo alivyojua watu wa Keila wangefanya nini, bila kuwalazimisha.

Domingo Báñez, Mdominikani wa Salamanca na muungamishi wa Teresa wa Avila, aliona hatari humo. Ujuzi wa namna hiyo, kwa hesabu yake, unamfanya Mungu amtegemee kiumbe ili ajue. Mungu anajua kesho kwa sababu yeye ndiye anayeisukuma mioyo, nayo ikisukumwa naye hubaki huru. Wajesuiti wakasema huo ni Ukalvini uliovaa kanzu. Wadominikani wakarudisha: na ninyi ni wafuasi wa Pelagio, mzushi wa kale aliyedai mtu anaweza kutenda mema bila msaada wa neema. Kwa maoni yangu hoja ya Báñez ni nzito kuliko wengi wanavyokubali, ila kuhusu Keila jibu lake halishiki: huko hakuna moyo uliosukumwa kumsaliti Daudi.

Kelele zikafika Roma. Tume ya kwanza ilianza kukaa mwaka 1598, na ndani ya miezi michache ikapendekeza kitabu kipigwe marufuku. Papa Klementi VIII hakutaka haraka. Molina akafariki mwaka 1600 na Báñez mwaka 1604, huku mashauri yakiendelea: vikao 68 mbele ya Klementi, kisha 17 mbele ya Paulo V. Agosti 1607 Paulo V akafunga shauri. Kila upande uendelee kufundisha msimamo wake, ila usiuite wa wenzao uzushi. Uamuzi wa Kiti Kitakatifu ungetolewa wakati ufaao. Haujatolewa hadi leo.

Molina naye akafufukia mahali asipotarajiwa. Mwaka 1974 Alvin Plantinga, mwanafalsafa wa Marekani aliyelelewa katika kanisa la mapokeo ya Calvin, alitoa kitabu kuhusu uhuru wa binadamu na uovu duniani, na hoja zake zikaonekana kufanana mno na zile za Mjesuiti wa Évora. Tangu hapo watetezi wakubwa wa Molina wengi wao ni Waprotestanti, na Keila bado iko katika vitabu vyao.