Atomu Isiyo na Kiini

Mwaka 1951, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mwanafizikia Martin Deutsch alithibitisha kuwapo kwa atomu isiyo na kiini. Ni elektroni moja na positroni moja, maada na antimaada, zinazozungukana kwa muda mfupi mno kisha kuangamizana na kugeuka miale ya gama. Atomu hiyo huitwa positroniamu.

Mizizi yake ni mlinganyo wa elektroni alioutoa Paul Dirac mwaka 1928, uliomfikisha kwenye wazo la elektroni yenye chaji chanya, yaani positroni. Mwaka 1932 Carl Anderson aliona alama za chembe hiyo katika mionzi itokayo anga za mbali. Mwaka 1934 Stjepan Mohorovičić, mwanasayansi wa Kroatia, akatabiri kuwa elektroni na positroni zaweza kuunda atomu.

Kuinasa ndiko kulikokuwa kazi. Deutsch aliufanya muda wenyewe kuwa shahidi. Sodiamu nururifu (sodiamu-22) inapotoa positroni, karibu papo hapo hutoa pia mwale wa gama. Positroni inapoangamia, hutoka miale mingine. Alipima muda kati ya matukio hayo mawili ndani ya gesi, akakuta baadhi ya positroni zinachelewa kuangamia. Alipotia kiasi kidogo cha oksidi ya nitriki, gesi inayoivuruga positroniamu, uchelewaji ule ukapungua sana. Huo ukawa ushahidi wake.

Positroniamu ina sura mbili. Spini za chembe zake, sifa inayofanana na kujizungusha, zikipingana, huishi nanosekunde 0.125 na kutoa miale miwili. Zikielekea upande mmoja, huishi nanosekunde 142 na kwa kawaida hutoa miale mitatu.

Thamani ya positroniamu iko katika usahili wake. Haidrojeni ina protoni, ambayo muundo wake wa ndani hutatiza hesabu. Positroniamu haina kikwazo hicho, hivyo nadharia ya elektroni na mwanga hupimwa nayo bila kisingizio. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vipimo vya muda wa kuishi wa positroniamu vilivyofanywa Michigan vilitofautiana na nadharia, na wanafizikia wakakaa na mashaka kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka 2003 vipimo bora vya Tokyo na vya Michigan kwenyewe vikakubaliana na hesabu. Kosa halikuwa la nadharia.

Mwaka 2024, watafiti wa jaribio la AEgIS katika maabara ya CERN walitangaza kuwa wameipoza positroniamu kwa leza, kutoka kelvini 380 hadi 170. Atomu iliyopunguzwa kasi hupimika kwa usahihi zaidi, na hapo ndipo fizikia itakapoihoji upya nadharia yake.