Marhamu ya Nta na Vipatanishi Vyake

Wapishi wa Pwani wajua tangu utotoni kwamba tui la nazi likichemka bila ya kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Na taabu hiyo hiyo ndiyo iliyowashughulisha kwa karne nyingi watengenezaji wa marhamu za ngozi.

Galen wa Pergamon, tabibu wa karne ya 2 Miladia ambaye Waarabu walimwita Jalinus, ndiye anayenasibishwa na marhamu baridi: nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika mafuta ya zeituni, ikakorogwa na maji ya waridi kadiri ilivyoweza kuyachukua. Iliburudisha ngozi, lakini haikudumu, kwani maji yalijitenga, na mafuta nayo yakaharibika.

Dawa ya kasoro ya kwanza ilipatikana katika karne ya 19, nayo ni boraksi, chumvi nyeupe ya madini. Ikiyeyushwa katika maji ya moto, kisha maji hayo yakamiminwa taratibu juu ya nta na mafuta yenye moto sawa, asidi iliyomo ndani ya nta huungana nayo ikazaliwa sabuni papo hapo, na ile rojo iliyokuwa ang'avu hugeuka nyeupe mbele ya macho. Kwani kila chembe ya sabuni ina upande upendao maji na upande upendao mafuta, na kwa hivyo huyashika yote mawili yasiachane.

Huko Ujerumani wakafuata njia nyingine ya kupatanisha maji na mafuta, ya mafuta ya sufu ya kondoo: lanolini mwaka 1882, kisha kipatanishi kiitwacho euseriti, cha Isaac Lifschütz, ambayo Oscar Troplowitz aliitumia Hamburg kuunda krimu ya Nivea mwaka 1911.

Walakini sifa ya kupatanisha si hati ya usalama. Asidi ya boriki, jamaa ya boraksi, ilitiwa hata katika poda za watoto, mpaka ikathibitika kwamba hupenya ngozi iliyochubuka, na wachanga kadhaa wakafariki. Na leo Umoja wa Ulaya umeiweka pamoja na boraksi katika daraja la vitu vinavyodhuru uzazi. Lanolini nayo, iliyo salama kwa wengi, huwawasha baadhi ya watu.

Basi ukongwe wa kitu, au asili yake ya nyuki na kondoo, usitutoshe kuwa dhamana. Ni wajibu wa mtengenezaji, na ni haki ya mnunuzi, kujua kilichotiwa, kimetiwa kwa kiasi gani, na kama ngozi itakayopakwa ni nzima au ina jeraha, ya mtu mzima au ya mtoto.