Miaka 50 ya rekodi za Nardò na somo la tabo lililosahaulika karakanani

Juni 2026 ni mwezi unaotimiza miaka 50 tangu gari la majaribio la Mercedes-Benz liitwalo C111-IID lilipozunguka uwanja wa Nardò, kusini mwa Italia, usiku na mchana kwa takriban saa 60, likaweka rekodi 16 za dunia kwa injini ya dizeli ya silinda tano ambayo asili yake ilikuwa gari la kawaida la abiria. Kumbukizi hiyo inamhusu kila fundi anayeletewa gari kuukuu la dizeli lenye tabo na kuombwa aliongezee nguvu, kwa sababu wahandisi wale walikuwa na lengo hilo hilo, ila wao walianza na hewa na joto ndipo wakagusa mafuta, ilhali karakana nyingi za leo zimeupindua utaratibu huo.

Chimbuko la teknolojia yenyewe linafahamika. Rudolf Diesel alipata hataza yake mwaka 1893 na injini yake ikafanya kazi Augsburg mwaka 1897. Alfred Büchi wa Uswisi alisajili mwaka 1905 wazo la tabo, yaani kifaa chenye magurudumu mawili ya mapanga katika shafti moja, ambapo gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini na la pili husukuma hewa kwa shinikizo kuingia kwenye silinda. Büchi alisubiri miaka 20 kabla ya kuona matunda kamili, pale injini kubwa ya dizeli ya silinda 10 ilipopanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Robert Bosch alianza kuzalisha pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, Mercedes-Benz ikatoa gari dogo la 260 D mwaka 1936, na mwaka 1954 Volvo ikaweka tabo kwenye lori lake la Titan, ikaipandisha injini kutoka nguvu za farasi 150 hadi 185.

Umuhimu wa tabo unatokana na jinsi dizeli inavyofanya kazi. Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kuizuia au kuiachia hewa, lakini ile ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuipata, na nguvu yake hutegemea kiasi cha mafuta ambacho pampu inapeleka kwenye nozeli. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa nafasi ya kuchanganyika ni fupi mno, hewa ikishuka chini ya kilo 18 hadi 20 moshi mweusi huanza kuonekana. Moshi huo ni mafuta yaliyokosa hewa, na mwenye gari huwa ameyalipia bila kuyatumia.

Hapo ndipo kisa cha Nardò kinapopata uzito wake. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni yenyewe, C111 ilizaliwa mwaka 1969 ikiwa na injini ya Wankel, ambayo badala ya pistoni hutumia rota inayozunguka, lakini ulafi wake wa mafuta haukuvumilika baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973. Wahandisi walichukua basi injini ya OM617 ya lita tatu, iliyoingia sokoni mwaka 1974 ndani ya gari la 240 D 3.0 ikiwa na nguvu za farasi 80 tu, wakaifungia tabo pamoja na intakula, yaani rejeta inayopoza hewa iliyoshinikizwa. Hewa ikishinikizwa hupata joto na kutanuka. Ikipozwa husongamana, hivyo silinda hiyo hiyo hubeba hewa nyingi zaidi na kuungua hufanyika kwa joto la chini zaidi. Injini ikatoa nguvu za farasi 190.

Uwanja wa Nardò ni duara lenye mzingo wa kilomita zipatazo 12.6, na kwa wastani wa karibu kilomita 252 kwa saa gari hilo lilimaliza mzunguko kila baada ya dakika tatu, saa baada ya saa, huku madereva wanne wakipokezana usukani. Kati ya rekodi 16 zilizopatikana, 13 zilikuwa za magari ya dizeli, lakini tatu zilikuwa za magari yote bila kujali aina ya injini, ikiwemo ile ya maili 10,000. Kwa nyakati zile, ambapo dizeli ilihesabiwa kuwa injini ya matrekta na ya watu wasio na haraka, ushindi huo ulivunja dharau ya miaka mingi. Aprili 1978 timu ilirudi na C111-III, yenye umbo jembamba lililochongwa kukata upepo na injini ya aina ile ile iliyopandishwa hadi nguvu za farasi 230, ikaweka rekodi tisa na kukimbia saa 12 kwa wastani uliozidi kilomita 300 kwa saa, huku ikitumia takriban lita 16 kwa kila kilomita 100.

Ushindi wa uwanjani ulizaa ubishi wa sokoni ambao wapenzi wa magari hawajaumaliza. Mercedes-Benz ilitoa 300 SD yenye tabo mwaka 1978, lakini iliiuza Amerika Kaskazini, ambako sheria mpya za Marekani zilidai kila kampuni ishushe wastani wa matumizi ya mafuta ya magari yake. Peugeot ilileta 604 ya dizeli yenye tabo mwaka 1979 na kuiuza Ulaya. Hivyo Wajerumani hujihesabu kuwa wa kwanza duniani, na Wafaransa hujihesabu kuwa wa kwanza kwa wanunuzi wa Ulaya. Kwa kufuata tarehe, haki iko upande wa 300 SD, lakini ubishi huo umeficha jambo kubwa zaidi, yaani kazi iliyofanywa ndani ya injini kabla haijakabidhiwa kwa mnunuzi.

Injini ya 300 SD haikuwa ile ya zamani iliyobandikwa tabo. Iliongezewa vinyunyizio vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuzipoza, na valvu za kutolea moshi zikajazwa sodiamu, madini yanayoyeyuka na kusafirisha joto kutoka kwenye kichwa cha valvu. Juu ya pampu kulikuwa na kifaa kiitwacho ALDA, ambacho hupima shinikizo la hewa na kuruhusu mafuta yaongezeke pale tu hewa ilipokwisha kufika. Ingawa ilifanyiwa maandalizi yote hayo, kampuni iliiachia kwa nguvu za farasi zipatazo 115, nusu ya zile za C111-III, kwa sababu gari la mteja lilitarajiwa kuishi miaka mingi.

Pampu nyingine iliyoenea katika dizeli kuukuu ni ile ya Bosch aina ya VE, pamoja na nyingine zilizotengenezwa kwa mfumo wake. Nyuma yake, karibu na mabomba yanayopeleka mafuta kwenye nozeli, kuna skrubu iliyobanwa kwa nati, inayopanga kiwango cha juu cha mafuta. Juu yake, katika pampu zilizokusudiwa tabo, kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na hewa ya tabo dhidi ya springi na kuishusha pini yenye umbo la pia, ambayo huamua mafuta yaongezeke kwa kasi gani. Skrubu ya nyuma ikizungushwa kidogo tu kuelekea ndani, mafuta huongezeka na hata mzunguko wa sailensa, yaani wa injini isiyokanyagiwa mafuta, hupanda, na ndiyo maana fundi mwenye haraka huipenda, kwani kazi ni ya dakika chache na dereva huona tofauti kabla hajafika barabara kuu.

Gharama yake huonekana baadaye, kwenye mlima mrefu na mzigo mzito. Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini, na alumini yenyewe huyeyuka karibu nyuzi 660 za Selsiasi, kwa hiyo mafundi waangalifu hawakubali joto la moshi kabla ya tabo likae juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu. Mpangilio sahihi ni kufunga kipimajoto cha moshi na geji ya shinikizo, kuhakikisha nozeli, chujio la hewa, mipira na rejeta ni vizima, kuipa hewa njia ya kuingia na moshi njia ya kutoka, kuweka intakula, kisha kuongeza mafuta robo mzunguko kwa robo mzunguko huku geji ikisomwa.

Somo hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja, ambako Land Cruiser za injini ya 1HZ ya lita 4.2 hubeba watalii mbugani na wagonjwa vijijini. Injini hiyo ilitoka kiwandani bila tabo, ina mgandamizo wa juu unaozidi 22 kwa moja, na mafuta yake huanza kuungua katika chemba ndogo iliyomo ndani ya hedi, sehemu ambayo hubeba joto kali. Tabo ya shinikizo dogo inaweza kuifaa, lakini kuilazimisha kwa mafuta mengi ni kuikaribisha hedi yenye nyufa, na hasara hiyo huangukia mbali na karakana, mahali ambapo msaada ni wa kusubiriwa kwa siku.

Tangu mwaka 1997, mfumo wa reli moja ya mafuta yenye shinikizo kubwa uliposhika njia katika magari madogo, kompyuta imechukua nafasi ya skrubu, na wapenzi wachache, hasa wa Finland na Sweden, ndio walioendelea kujenga pampu za kimakanika za Mercedes-Benz kuukuu kwa nguvu kubwa. Kwingineko mashine za kupimia pampu zinapata vumbi na mafundi wanaojua kuzisoma wanazeeka bila wanafunzi, jambo la kusikitisha katika nchi ambazo dizeli za miaka ya 1990 bado zinafanya kazi kila siku. Vyuo vya ufundi vinapaswa kuirudisha pampu hiyo mezani, pamoja na historia yake, ili mwanafunzi aelewe kwamba injini ya nguvu za farasi 80 ilifika 190 na kuhimili saa 60 za mwendo mkali kwa sababu kila tone la mafuta lililoongezwa lilikuta hewa yake inalisubiri.