Wanawake wa mzigo: kutoka Paris hadi Ituri

Komanda, huko Ituri kaskazini-mashariki mwa Kongo, ni njiapanda. Barabara moja yatoka Bunia, ya pili yaingia msituni kuelekea Mambasa na Kisangani, ya tatu yashuka Beni. Kwenye zote tatu utakutana na wanawake wanaotoka mashambani, vikapu mgongoni, mkanda umebana paji la uso, ndani mihogo, makemba au kuni. Kazi hii ina historia ndefu. Historia ya waliojaribu kuichora ni fupi, nayo imejaa mapengo.

Mwaka 1857 Jean-François Millet, mtoto wa wakulima wa Normandie, alionyesha mjini Paris mchoro wa wanawake watatu wakiokota masazo ya ngano baada ya mavuno. Wawili wameinama kabisa, wa tatu ameinama nusu. Mbali nyuma yao, mavuno ya tajiri yamerundikwa na msimamizi yuko juu ya farasi. Wakubwa wa Paris walikereka. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1848 yalikuwa bado hayajasahaulika, na hapa maskini walikuwa wameijaza turubai nzima. Mwaka 1859 Jules Breton naye akachora waokotaji wakirudi nyumbani jioni, wamenyooka, wazuri wa kutazamwa. Mchoro huo ulinunuliwa na Napoleon III, kaizari wa Ufaransa. Mimi ni wa upande wa Millet: yeye aliuonyesha uchovu wenyewe.

Kaskazini-mashariki mwa Kongo, wageni walivutiwa na mambo mengine. Msafara wa magari ya Citroën wa 1924–1925 ulikuja na mchoraji wake, Alexandre Iacovleff, na kamera zake. Picha iliyovuma kuliko zote ni ya mwanamke wa Kimangbetu, Nobosodrou, akionekana kwa upande: kichwa kirefu, nywele zimesukwa kwenda nyuma. Jina lake lilihifadhiwa. Mikono yake haimo pichani, na Wazungu walioisifu picha hiyo hawakujifunza lolote kuhusu siku yake ya kazi.

Lakini Ituri ina wachoraji wake, nao ni wanawake. Kwa Wambuti, watu wa msitu wa Ituri, mwanamume hubandua gome la mti na kulitwanga mpaka liwe nguo, yaani murumba. Mwanamke ndiye huipamba, kwa vidole na vijiti, kwa maji ya matunda ya msituni na weusi wa makaa. Ni mwanamke yuleyule anayefukuza wanyama kuelekea nyavuni, anayesuka vikapu na kujenga kibanda cha matawi na majani. Anapopata nafasi ya kuchora, hajichori akiwa ameinama. Huchora mistari inayokatizana, nukta, miraba isiyolingana, na kuacha sehemu tupu pale anapotaka. Nadhani hapo ndipo alipomshinda hata Millet, kwa sababu hakungoja mtu mwingine amwonee huruma.

Mwaka 1991 jumba la makumbusho la Dapper, katika Paris ileile, lilifanya maonyesho ya nguo hizo. Nyingi kati ya kazi hizi zimehifadhiwa ughaibuni bila jina la aliyezichora. Huandikwa kabila na msitu tu.

Basi wewe unayenunua murumba leo, Mambasa au Epulu, muulize mama aliyeichora anaitwa nani, kisha uliandike jina lake nyuma ya nguo.