Olenguruone na Mzizi wa Kiapo cha Umoja

Historia ya harakati za utaifa nchini Kenya imezoea kuanzia Nairobi. Hata hivyo, mmojawapo wa mizizi yake umo Olenguruone, kwenye nyanda za juu za Mau, wilayani Nakuru. Mnamo 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwakalisha huko Wakikuyu waliofukuzwa Umasaini. Kwa serikali, hao walikuwa wapangaji tu, nao walipaswa kutii kanuni zake za kilimo. Wao walishikilia kwamba ardhi hiyo ni fidia ya ile waliyonyang'anywa, basi ni mali yao. Kiini cha ugomvi kilikuwa maana ya neno: mwenye ardhi ni nani?

Kuzikubali kanuni kungekuwa kukiri upangaji, wakakataa. Wakala kiapo cha umoja ambacho, kinyume cha desturi, kiliwashirikisha wanaume, wanawake na watoto. Kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa nguvu, baadhi wakipelekwa Yatta. Lakini kiapo kilikuwa kimeenea miongoni mwa maskwota katika mashamba ya walowezi, kabla Hali ya Hatari haijatangazwa Oktoba 1952.