Sehemu ya 4: Mwandishi aliyekwenda kwa waganga kuuliza bei

Mama zangu, sehemu iliyopita tuliongelea jua na ngozi ya mtoto mwenye ualbino. Leo tuache losheni kidogo. Wadogo zangu mlioanza kuzaa juzi juzi hamkumbuki, lakini kuanzia 2007 hivi, kule Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo. Eti kiungo kikitiwa kwenye dawa kinamvutia mvuvi samaki na mchimbaji dhahabu. Na ule uongo mwingine, kwamba "hawafi, wanatoweka", uliwafanya watu wasishtuke sana mmoja akikosekana.

Mwaka 2008 Vicky Ntetema, mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, hakuishia kuhesabu waliokufa. Alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga. Akatajiwa bei: viungo vinaanzia dola 2,000. Yaani bei, kama unavyouliza gauni la mtumba pale sokoni Kiboriloni! Habari ilipotoka mwezi Julai vitisho vikaanza, ikabidi ajifiche.

Kwangu mimi uzito wa kazi yake uko kwenye hiyo bei. Tulizoea kusema "imani potofu", maneno ambayo hayana mshtakiwa. Bei ina muuzaji, ina mnunuzi, ina aliyetumwa na panga usiku.

Marekani, Ida B. Wells alifanya kitu cha namna hiyo mwaka 1892 kule Memphis. Weusi waliuawa na makundi ya wazungu, mara nyingi kwa kisingizio cha ubakaji. Yeye akafuatilia tukio moja moja, akaonyesha kisingizio hakisimami. Rafiki yake Thomas Moss aliuawa. Alikuwa na duka linaloshindana na la mzungu. Ofisi ya gazeti la Ida nayo ikavunjwa.

Huku kwetu kesi zilifika mahakamani. Septemba 2009, Kahama, wanaume watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Ntetema baadaye aliacha BBC akaongoza shirika la Under the Same Sun hapa nchini.

Ila kuna sehemu redio haifiki. Uongo unaanzia wodini, mzazi akiulizwa "huyu umemtoa wapi?" Jamani! Mtoto anarithi kwa baba NA mama, hata kama wote ni weusi tii. Wakiwa wote wamebeba hiyo asili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Mkwe akianza kumsema mkamwana, msomeeni hapa.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2024, Muleba mkoani Kagera, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao. Mwezi Juni mwili wake ukapatikana, umekatwa viungo.

Sehemu ya 5 ni kofia na nguo za mikono mirefu: namna ya kuchagua kitambaa kizito kwenye mitumba bila kumaliza hela ya unga.